Leo Nimepigwa Mnada Pamoja na Besi

Leo nimepigwa mnada. Kanisani, mchana kweupe, kati ya ndizi na mabata, mbele ya mama yangu mzazi.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtasema nimekunywa.

Mnajua mimi hupiga gitaa la besi la kanisa kwenye kwaya yetu ya Kulesa. Siku ya Pasaka mkanda ulichomoka, besi ikaanguka kwenye sakafu ya saruji katikati ya wimbo. Mama Jillo, mwenyekiti wa kwaya, akatoa hukumu: ikianguka tena inafungiwa ofisini, na mimi napewa kayamba. Msicheke. Shahada yangu ina miaka miwili kabatini. Hiyo besi ndiyo kazi pekee niliyo nayo, hata kama hailipi.

Nikaamua kununua vifungio vya mkanda. Ni vidude vya chuma: nusu moja unaikaza kwenye gitaa kwa skrubu, nusu nyingine unaikaza kwenye mkanda kwa nati, halafu zinashikana na haziachani mpaka utake mwenyewe. Viko vya aina mbili. Vingine vina kitufe cha kubonyeza chenye springi. Vingine huingia kama kikombe na kukaa. Mtu wa kawaida angechagua kwa dakika tano. Mimi nilichukua wiki tatu. (Nilichora jedwali. Lilikuwa na safu ya "hatari zisizojulikana".) Springi ikichoka je? Kikombe kikilika je? Mwishowe nikaagiza aina zote mbili kutoka Mombasa, nikafunga moja kila upande, ili zisiharibike siku moja.

Tundu la zamani likawa pana kuliko skrubu mpya. Nikalijaza vijiti vya meno na gundi ya mbao, nikakaza. Hapo nilifanya kazi safi, naomba nisifiwe. Jumamosi nzima besi ilining'inia kwenye boriti ya jikoni ikiwa imefungiwa jiwe la kusagia, na haikuanguka. Mama akaniuliza kama serikali imeanza kuajiri watu wa kuning'iniza vitu.

Leo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, ibada nje chini ya hema, kwaya na majoho mapya ya satini. Satini huteleza. Mkanda ukiteleza begani je? Basi nikavaa mkanda kwanza na joho juu yake, ncha moja ikatokea shingoni, nyingine kwenye mpasuo wa ubavuni, ndipo nikafunga besi kwa nje. Dakika mbili kabla ya kuingia nikagusa nati, nikahisi imecheza kidogo. Mfukoni nilikuwa na supagluu. (Wenzangu hubeba leso.) Nikatia tone moja kila upande. Tone moja likaonekana pweke, nikaongeza la pili.

Tulipiga vizuri kuliko siku zote. Niliruka. Mimi, ambaye hufikiri mara mbili kabla ya kutikisa kichwa.

Wimbo ukaisha, kwaya ikaketi. Nikabonyeza kitufe. Hakikubonyea. Nikavuta kikombe. Kilikuwa jiwe. Joho halitoki kwa sababu ya mkanda, mkanda hautoki kwa sababu ya joho na besi, na viti vya kwaya vilikuwa vimebanana, mtu mwenye besi tumboni hakai. Nikabaki nimesimama kando ya matoleo, nikitabasamu kama mtu aliyekusudia.

Kwa wasiojua: kwetu, baada ya ibada ya Mavuno, vyote vilivyoletwa mbele hupigwa mnada, na kilichofika mbele hakirudi. Shemasi Buya ndiye hunadi. Akauza mikungu ya ndizi, gunia la mpunga, mabata, na kambare mkavu mrefu kama mkono wangu. Kisha akanifikia. Nikamnong'oneza kwamba nimenasa. Akanitazama juu mpaka chini, akawageukia waumini.

"Kimebaki hiki hapa. Kinaimba, kina digrii, na hakili sana."

Watu wakacheka mpaka kamba za hema zikatikisika. Akaanzia bei ya kuku mmoja. Kimya. Akashuka hadi mayai. Kimya. Mama yangu akainamia mkoba wake akatafuta kitu ambacho najua hakimo. Nilijua ni utani, lakini nilianza kuumia kweli. (Kambare alikuwa amegombewa na watu watano.)

Ndipo mgeni mmoja, Mzee Dhadho, mlezi wa kwaya ya Chara, akasimama kule nyuma. Hakuwa anacheka.

"Beberu mmoja," akasema. "Nimekuja naye, yuko nje."

Shemasi, kwa mazoea ya ulimi, akahesabu mpaka tatu na kugonga meza.

Kicheko kikakatika. Mzee akaeleza kwa upole kwamba kwaya yao ina kinanda, ngoma na magitaa mawili, lakini besi hawana, na Mavuno yao ni mwezi ujao. Baraza la wazee wa kanisa likaenda kukaa nyuma ya hema. Mama Jillo akarudi na uamuzi: mnada ni mnada, besi inaenda Chara, itarudi baada ya Mavuno yao. Mimi nikatwe mkanda, nibaki. Kisu cha kukatia ndizi kikaletwa.

Kwa mara ya kwanza maishani nilifikiri haraka. Mkanda ukikatwa, besi inaondoka. Chara watampata kijana wa kuipiga, ataizoea, wataizoea mikono yake, na mimi nitazeeka na kayamba. Nikaukumbatia mkanda kwa mikono miwili.

"Mama Jillo, usikate."

"Komora mwanangu, chooni utakwendaje?"

Sikuwa nimefika huko. Mzee Dhadho akaniokoa.

"Mwacheni. Nimenunua kizima. Kitu changu sikikati."

Kwa hiyo nawaandikia nikiwa Chara. Nilikuja kwa bodaboda, nimekaa kinyumenyume na joho langu, kwa sababu shingo ya besi ilikuwa inampiga dereva sikioni. Tulipofika, mke wa Mzee Dhadho alinizunguka mara moja, akachukua wembe, akafumua mshono mmoja wa bega. Joho likaanguka lenyewe. Akainua mkanda, akaupitisha kichwani kwangu, akaenda kutazama chungu chake. Dakika moja hivi. Wazee wa baraza zima la Kulesa, na mimi na jedwali langu, hakuna aliyefikiria mshono.

Mazoezi yanaanza kesho saa kumi. Wamenipa chumba na kitanda.

Naomba asicheke mtu. Tangu nimalize chuo nimeomba kazi kila mahali, na aliyenichukua bila kuniuliza uzoefu ni huyu mmoja tu, aliyekuja na beberu.