Betri Nzito za Mjomba Khaemba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mjomba Khaemba ameagiza vifaa vya kugeuza gari lake litumie petroli na stima pamoja. Mota, nyaya, waya wa kuchajia nyumbani, vyote vimefika Kitale. Betri tu ndizo tunajitafutia. Nikamwambia aniachie mimi. Fizikia niliisoma mpaka Fomu Tuu, nikatoka kabla sijawaaibisha walimu.
Jumamosi tunaenda Bungoma kumposea mwanawe, Kizito. Tukifika kwa heshima, ufunguo wa gari ni wangu, dereva rasmi. Tukiaibika, narudi Kiminini kukamua ng'ombe wa nyanya. Nimeanza kujizoeza kuweka kiwiko dirishani.

Jumanne, 5 Agosti
Tonny, fundi wa sola, amejipeleka kwa Mjomba. Ati tuchukue lithiamu, ni nyepesi na inakaa na chaji. Huyu akikanyaga chuo cha ufundi wiki moja anaongea kama redio. Nikamwambia mbele ya watu kwamba hata kichwa chake ni chepesi na hakikai na kitu. Walicheka. Mjomba alijikaza asicheke.

Jumatano, 6 Agosti
Dukani kwa Gurdev. Binti yake, Ankita, akaniwekea aina mbili za betri mezani. Sikuuliza maswali ya kitoto. Nikafanya anavyofanya mtu yeyote mwenye akili akinunua kuku sokoni Kamukuywa: nikanyanyua. Lithiamu ikapanda kama mkate. Tupu kabisa. Ile ya asidi, ya lori, nusura iningoe bega. Hapo sasa kuna nyama.
Ankita akauliza nanunua betri ama kuku. Nikamjibu kwamba mimi hata kuku hajawahi kunidanganya. Akasema haya kaka, gari ni lenu. Nimechukua za asidi, za kujaza buti. Alitabasamu. Nadhani ananipenda.

Ijumaa, 8 Agosti
Tonny ameunganisha nyaya, mimi nikisimamia. Kazi ngumu, kusimamia. Pua ya gari imeinuka kidogo. Tonny ati springi zimelemewa. Nikamweleza kwamba hata ndege huinua pua kabla ya kuruka.
Mjomba akauliza mbuzi wa wakwe atakaa wapi, buti ikiwa imejaa. Swali zuri. Nimeliahirisha.

Jumamosi, 9 Agosti
Mbuzi alikaa mapajani mwa Anti Mary Ann, mke wa Mjomba, juu ya kitenge kipya. Tukatoka Kitale kimya kimya, mpaka wazee wa ukoo huko nyuma wakauliza kama nimezima gari. Raha bana.
Baada ya Kiminini, tumbo la gari likaanza kukwaruza lami. Kamukuywa, bampu ya barabarani ikatukamata. Nyuma ikakaa chini, magurudumu ya mbele yakabaki yanagusa barabara kama mtu anaonja supu ya moto. Mjomba akasema ama betri zishuke ama watu. Betri hazikushushika. Wakashuka watu. Wote wakapanda bodaboda, Anti amekumbatia mbuzi, hataki hata kuniangalia. Mimi nikaburura gari peke yangu nyuma yao. Nilipofika, chai ilikuwa imepoa.
Kwa wakwe, wageni wakichelewa ni faini, na bila faini hakuna mazungumzo. Msemaji wao, Mzee Nyongesa, alikataa kuanza mpaka gari lifike. Akalizunguka, akauliza mbona linatazama mbinguni. Mjomba akafungua mdomo, mimi nikafungua buti. Mzee akashika betri moja, akanyanyua, akaguna, akanyanyua tena. Akasema spika za kanisa lao ni bubu tangu Pasaka, kwa kukosa betri. Faini ni hizi hapa, zote.
Mjomba akakubali. Kufika jioni, Kizito amepewa mchumba wake, Nekesa. Sijasikia asante.

Jumapili, 10 Agosti
Kiminini. Ng'ombe amenipiga teke mara tu aliponitambua. Ufunguo uko kwa Tonny. Ati kesho yeye na Mjomba wanaenda kuchukua lithiamu kwa Ankita.
Watu hawaelewi. Mzee mzima wa Bungoma alizinyanyua kwa mkono wake akakubali, kwa hivyo betri hazikuwa na neno. Kosa ni la gari. Jepesi mno.
Asubuhi nampigia Mjomba. Auze hilo gari, anunue lori. Dereva anaye.