Kondoo wa Ukapteni

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Kura za kapteni wa timu yetu ya voliboli, sisi wafanyabiashara wa Kitengela. Bishar, muuza mbuzi, amepata saba. Gitonga wa hardware, yaani mimi, moja. Naijua. Niliiandika mwenyewe. Na wavu nilinunua mimi! Okoth, fundi wa magari, amesema basi mzee wa misumari aubebe. Bishar akaomba tupige kura tena Jumapili, baada ya mechi na maajenti wa forodha wa mpakani Namanga, ili kila mtu aridhike. Udhaifu huo! Niko na siku sita.

Jumanne, 5 Agosti
Mazoezini hakuna kupiga kelele tena. Wale wa Namanga hukaa kutwa nzima na madereva wa malori. Wanaelewa Kimaa, Kikuyu, hata matusi ya Kijaluo ya Okoth. Kwa hivyo Bishar anaficha mkono mgongoni na kutuonyesha kwa vidole nani atapewa mpira, kama madalali wa mifugo wanavyopatana bei chini ya shuka. Ajabu! Watu wa lugha nne, na wote wameelewa. Isipokuwa mimi. Nimeuza mabati miaka kumi na tisa, sijawahi kununua kitu chenye miguu. Ningemwuliza Bishar, lakini kiongozi haulizi.

Jumatano, 6 Agosti
Soko la mifugo. Nimemwomba Mzee Hilowle, dalali, anifundishe kisiri. Akanifunika mkono kwa shuka yake, akanibana vidole viwili. Nami, kwa adabu, nikabana vitatu. Akafurahi sana. Watu wakaja kunipa mkono. Nimerudi nyumbani na kondoo. Mke wangu Gathoni ameuliza kama huyu ndiye kocha.

Ijumaa, 8 Agosti
Okoth ametaka kujua kondoo wangu anacheza mbele au nyuma. Wamecheka wote, isipokuwa Bishar. Alipotoka msikitini alikuja dukani, akakalia mfuko wa simiti, akanifundisha vidole vyote polepole, akiniita mzee wetu. Tena akaniuliza maoni: Namanga wanamwogopa nani? Nikasema Tajeu, yule Mmaasai wetu mrefu. Akanishukuru kweli kweli. Mtu mzuri huyu! Nilikaribia kuacha mpango wa kumnyang'anya ukapteni.

Jumamosi, 9 Agosti
Seti ya mwisho, tunaongoza kumi na nne kwa kumi na tatu. Mgongoni Bishar kaonyesha viwili: Tajeu. Mimi, kando yake, nikaonyesha vinne: mimi! Timu ikaduwaa. Bishar akaviona vidole vyangu, akatabasamu, akaniinulia mpira. Nikaruka juu kama mfuko wa simiti uliolazwa. Namanga watatu wakaruka kunizuia. Mpira ukapita juu ya kichwa changu, ukamkuta Tajeu peke yake. Pah! Tumeshinda! Bishar akawatangazia wote kwamba ule ulikuwa mtego wangu. Sikumbishia.

Jumapili, 10 Agosti
Kampeni. Nimetoa kondoo. Nikamwomba Bishar achinje yeye, ili timu nzima ile. Akachinja, akaleta na mchele wake. Kisha kura, kwa kuinua mikono. Bishar saba, pamoja na mkono wangu; nilikuwa nimeuinua kuomba chumvi. Mimi moja: ya Bishar.

Kumbe hata yeye ananikubali! Kosa langu nimeliona: kondoo alikuwa mdogo. Jumatano narudi sokoni kutafuta fahali wa kura ijayo. Vidole nimeshavijua.