Mac ya Chanji na Ng'ombe wa Mzee Masunga

"Nilikwambia usibonyeze!"

"Sijabonyeza! Imejibonyeza yenyewe!"

"Kompyuta haina vidole, mzee wangu."

"Basi njoo uiulize wewe! Toka jana hilo tufaha limesimama hapo, chini yake kamstari kamefika katikati kamegoma. Binti yangu anaikodolea macho kama anasubiri uji uchemke. Ulisema hii Mac. Mac gani inakwama kama trekta kwenye tope?"

Aliyekuwa anafoka ni mzee Masunga, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule Ilemba bondeni, ambaye amemfungulia binti yake Rahel studio ya video za ngoma huku Chanji, Sumbawanga mjini. Aliyekuwa anafokewa ni Zenon, fundi wa kompyuta. Neno fundi hapo nimelitumia kwa heshima tu, kama vile mtu anavyomwita mbwa wa jirani "bwana mkubwa" ili apite.

Tuseme ukweli mapema, maana Zenon mwenyewe hatausema. Ile haikuwa Mac. Lilikuwa boksi la kompyuta ya ofisini lililofukuzwa kazi. Zenon alilipaka rangi ya fedha, akabandika stika ya tufaha lililong'atwa, ndani akabadilisha vitu viwili vitatu, kisha akaweka macOS, mfumo wa Mac zenyewe, kwa ujanja wa kwenye flashi. Mfumo ukawaka, ukadhani uko kwao. Shida ni pale apdeti ilipokuja. Apdeti ikiingia mfumo unashtuka usingizini, unaangalia kuta, unasema hapa siyo nyumbani, unagoma.

Na apdeti haikujileta. Siku anafunga mashine, Zenon aliacha tiki pale penye apdeti za kujiendesha. Mtu mwingine angesema alisahau.

"Mzee," Zenon akavuta stuli, sauti yake ikawa ya padri kwenye kitubio, "hapa usigombe, ushukuru. Mashine za kawaida hazisumbui kwa sababu hakuna anayezijali. Hii ni original, wenyewe wanaifuatilia. Ikipata apdeti lazima isajiliwe upya."

"Isajiliwe wapi?"

"Huko juu."

"Juu wapi, bhana?"

"Kwenye wingu."

Mzee Masunga akaangalia dari. Rahel akamwangalia Zenon.

Zenon akataja bei. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Pesa? Kijana, mimi pesa sina. Mimi nina ng'ombe."

Hapo ndipo Zenon aliposikia kama kengele ya kanisa imegongwa ndani ya fuvu lake. Maana Zenon alikuwa na jambo lake. Alikuwa anamtaka Cornelia, binti wa watu wa huko Kaoze, na ukoo wa Cornelia ulishatamka mahari: ng'ombe watatu, hai, wanaotembea. Pesa hawataki. Walishaozesha mabinti wawili kwa wachumba wa "nitamalizia" na mpaka leo hakuna aliyemalizia. Zenon alikuwa hana hata kuku. Na kulikuwa na mwalimu mmoja anaanza kupita pita kwa kina Cornelia na baiskeli mpya.

"Ng'ombe mmoja," akasema, akijifanya anaumia. "Kwa sababu ni wewe."

"Sawa. Ila utamweka wapi? Chanji hapa utamfunga kwenye nguzo ya umeme?"

Zenon hakuwa amefika huko kwa mawazo.

"Muache kwangu," mzee akasema. "Sisi ndio tunavyofanya. Ng'ombe wako, zizi langu. Mimi nachunga, nakamua maziwa, siku ukimtaka unakuja kumchukua. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kwa watu ambao sisi wajukuu hata majina yao hatuyajui."

Kesho yake picha ikaingia kwenye simu ya Zenon. Ng'ombe jike mweusi tii, amepigwa picha kwa ubavuni, ameshiba. Zenon akamwita Giza. Akaituma kwa Cornelia na vikopa vitano. Kwenda kumwona? Aende wapi, bondeni kwenye joto lile kuangalia ng'ombe! Yeye mtu wa mjini. Picha si ipo?

Haujapita muda, Rahel akapiga simu.

"Kaka Zenon, imeapdeti tena. Picha zipo, sauti hamna. Ngoma inachezwa kimya kama watu wanafukuza nyuki."

"Aisee! Hiyo ni usajili wa sauti. Ule wa kwanza ulikuwa wa picha."

Alikwenda, akachomeka flashi yake aliyokuwa anaivaa shingoni kama rozari, akabofya, akakunja uso, akafuta jasho ambalo halikuwepo, maana Sumbawanga mwezi ule ilikuwa baridi ya kuvaa makoti mawili. Sauti ikarudi. Picha ya ng'ombe wa pili ikaja: mweupe, mabaka meusi yamemwagika ubavuni kama wino. Akamwita Madoa.

Mara ya tatu skrini ilikuja na maandishi makubwa hadi herufi moja inajaza mkono.

"Usajili wa macho," Zenon akasema bila kupepesa.

Safari hii mzee Masunga alimkarimu sana. Wakachinja jogoo. Zenon akaitwa chumba cha pili ale kwanza, kazi haikimbii. Akaacha flashi imechomekwa, akaenda kunawa. Alikula vizuri. Alikula mpaka akaanza kufundisha.

"Siri yenyewe," akamwambia Rahel aliyekuja kuongeza ugali, "yote iko kwenye ile flashi. Bila ile, hilo boksi halijui hata linaitwa nani."

"Kumbe!" Rahel akasema. "We kaka una akili."

"Nimezaliwa nayo."

Picha ya tatu ilipigwa kwa nyuma. Mapaja mapana, mkia mweupe. Zenon akaitazama kitandani akasema peke yake, "Huyu ana makalio ya mahari." Hesabu imetimia. Akatuma ujumbe Kaoze: waje wakague.

Akaja baba mdogo wa Cornelia, mzee Mathias, mtu mkavu, mkulima wa ulezi, anayeongea kama maneno yanauzwa dukani. Wakakutana Ilemba kwa mzee Masunga. Zenon alikuwa amevaa suti. Joto la bondeni likamfanyia kazi yake mapema. Hadi salamu zinaisha alikuwa amelowa kama aliyebatizwa kwa kuzamishwa.

"Shikamoo mzee Masunga. Nimekuja na baba mkwe. Tuletee wale wanyama wangu."

"Marahaba. Watatu wote?"

"Wote."

Mzee Masunga akaingia zizini, akatoka amevuta kamba. Mwisho wa kamba, ng'ombe jike mweusi.

"Giza huyo!" Zenon akampigia makofi. "Baba mdogo, ona ngozi hiyo. Haya mzee, lete Madoa."

Mzee Masunga akamzungusha yule yule ng'ombe. Upande wa pili alikuwa mweupe, mabaka meusi yamemwagika ubavuni kama wino.

"Madoa," mzee akasema.

Zenon akachungulia nyuma ya mzee, akitafuta ng'ombe mwingine.

"Na huyu," mzee akamsukuma mnyama mpaka akawapa mgongo, mapaja mapana, mkia mweupe, "ndiye wa tatu. Sijui ulimpa jina gani."

"Mzee umenipiga!"

"Nimekupigaje?"

"Huyu ni ng'ombe mmoja!"

"Na ile kompyuta ni ngapi? Si moja? Umenisajilia mara tatu. Na mimi nimekusajilia mara tatu. Picha, sauti, macho. Kulia, kushoto, nyuma."

"Hiyo ni utapeli! Nakwenda polisi!"

"Nenda," Rahel akasema, alikuwa ameegemea mlango wa zizi. "Ila ubebe na boksi uwaonyeshe. Nililifungua nipulize vumbi baada ya ule usajili wa kwanza. Ndani kuna kibandiko kimeandikwa mali ya ghala la mahindi. Mac ya ghala la mahindi, kaka Zenon! Nikaingia YouTube, nikamkuta kijana wa Kihindi ana boksi kama hilo hilo, analia kama sisi."

Zenon akabadilisha gia. Tapeli mzuri hafi mara moja. "Sawa. Basi mtakuja mnililie. Ikija apdeti nyingine mtazikuta wapi hizo ngoma zenu? Flashi ninayo mimi!" Akaishika pale shingoni.

"Ninayo na mimi. Niliikopi ulipokuwa kwenye paja la jogoo. Na ile tiki nimeitoa."

Zenon akaiachia flashi. Halafu akamgeukia mzee Mathias, akapata tabasamu kutoka sehemu ambayo hata yeye hakujua ipo.

"Baba mdogo, hawa ni watani wangu, tunataniana tu. Huyu mmoja tumchukue leo, wale wawili nitamalizia."

Lilipotoka hilo neno, mzee Mathias akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Akamwangalia Zenon kuanzia viatu mpaka kola. Akamwangalia ng'ombe kulia, akamzunguka, akamwangalia kushoto.

"Huyu mmoja kweli ni wake?" akamuuliza mzee Masunga.

"Wake. Mimi siyo mwizi. Kompyuta sasa inafanya kazi, ng'ombe wa haki ni huyo. Achukue."

Akamkabidhi Zenon kamba. Zenon akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu anayelia. Ng'ombe akamnusa suti, akapiga chafya.

"Baba mdogo," sauti ya Zenon sasa ilikuwa ndogo, haina padri wala fundi ndani yake, "nampenda Cornelia. Hilo sijadanganya."

Mzee Mathias akatikisa kichwa taratibu, kama anakubali, au kama anafukuza nzi, haikujulikana. Kisha akageukia zizi, akatazama migongo ya ng'ombe iliyojaa mpaka kwenye miiba ya uzio.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Masunga, "una kijana wa kiume ambaye hajaoa?"

"Ninao wanne. Mmoja ana akili."

"Anajua kompyuta?"

"Hajui hata kuwasha redio."

"Tukamwone huyo," mzee Mathias akasema. Akavaa kofia yake vizuri, akamgeuzia Zenon mgongo, akaenda zake.