Theluji ya Kiplombe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua ukurasa wa Uhamiaji asubuhi. Kwanza nilinawa uso nikavaa shati safi. Mtu haendi mbele ya serikali ya watu na usingizi machoni. Maneno ni yale yale: Ombi lako linashughulikiwa. Nayasoma tangu mwaka jana na bado nasisimka. Linashughulikiwa! Mahali fulani kule kuna Afisa, na mezani kwa Afisa niko mimi, Wabuge, fundi wa kuchomelea mageti hapa Eldoret. Jina la ile nchi siliandiki. Naogopa kulichosha.

Shida si Afisa. Shida ni Eldoret. Kanisa liliniaga mwezi wa pili. Vipimo vya hospitali vya viza vilikuwa vimepita, nikatangaza ni wiki chache tu. Nikawekewa mikono, kwaya ikaimba, akina mama wakanivika koti la baridi lenye manyoya kwenye kofia. Wengine walilia. Na mtu aliyeagwa haagwi mara ya pili. Sasa kila nikitokea naulizwa, "Kwani bado uko?" Muuza mahindi anauliza. Mchungaji anauliza. Jana Wangila, aliyechukua kiti changu cha besi kwenye kwaya, aliuliza kama ndege yangu bado inaundwa. Kwaya nzima ikacheka. Adongo hakucheka, aliangalia viatu vyake. Huyo ndiye tutakayeoana naye nikishafika kule. Heri angecheka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata dawa. Aliyeenda haulizwi kama bado yuko. Kwa hivyo nimeenda.

Nilimwambia Mama Kageha, mwenye karakana ninakofanya kazi, kwamba viza imetoka na naondoka leo. Alizima mashine, akanishika kichwa, akaomba kwa sauti mpaka wateja wakavua kofia. Nilijiona mkubwa sana, halafu mdogo sana. Nikabeba begi nikahamia mtaa wa Pioneer kwa binamu yangu Tyson, wa boda boda. Tyson aliuliza nitakaa mpaka lini. Nikamwambia mpaka Afisa amalize.

Adongo nilimpigia usiku nikiwa chumbani. Tyson alisimama nje ya dirisha akiita abiria kwa sauti ya mwanamke, kama tangazo la uwanja wa ndege. Alizidisha, akaita na wa Kitale. Adongo alisema nisafiri salama. Hakulia. Wengine huzuni yao ni ya ndani.

Ijumaa, 8 Agosti

Wanataka picha! Wangila ndiye ameanza, kwenye kikundi cha kwaya cha WhatsApp. Nilivaa koti nikasimama mbele ya ukuta mweupe wa ploti anakopanga Tyson. Tyson aliangalia ile picha akasema ninafanana na mtu aliyekamatwa.

Jumapili, 10 Agosti

Siku kuu.

Tyson alinipeleka Kiplombe, nimevaa helmeti nisijulikane, kuangalia kama Wangila hupitia kwa kina Adongo akitoka kanisani. Hakupitia. Mvua ya mawe ikatukuta kando ya shamba la baba yake Adongo, tukakimbilia chini ya kibanda cha maziwa. Mabati yalipiga kelele hata mawazo yangu sikuyasikia. Halafu ghafla ikanyamaza.

Nikatoka. Sijui niandikeje. Nchi yote ilikuwa nyeupe. Mitaro, nyasi, njia ya ng'ombe, vyote vyeupe, na moshi mwembamba ukipanda kutoka chini. Hakuna ndege aliyelia. Nimezaliwa nikiona mvua ya mawe lakini sikuwahi kusimama ndani yake namna hii, imelala, imetulia, jua likiipiga kwa mbali. Nilivua helmeti. Hata Tyson, ambaye huongea akiwa amelala, alinyamaza. Nikasema moyoni, Mungu wangu, ndivyo kule kulivyo, na mimi ninaitwa huko. Machozi yalinitoka, siyaonei aibu.

Kisha nikakumbuka koti lilikuwa kwenye begi mgongoni.

Tyson alipiga picha moja tu kabla mawe hayajayeyuka. Nimeituma kwa kikundi, nikaandika: Nimefika salama. Baridi ya huku si mchezo. Nawapenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Picha imetembea mji mzima. Mama Kageha ameiweka kwenye simu yake mahali pa uso wake mwenyewe. Mchungaji ameitaja kwa maombi ya Jumatano. Wangila kimya! Siku nne hajaandika neno.

Adongo peke yake aliuliza kitu, kwamba huko kuna ng'ombe pia? Nilimjibu ni nchi ya maziwa, ng'ombe ni wengi kuliko watu. Akasema sawa. Naona ameanza kupenda kilimo cha kule.

Jumatano, 20 Agosti

Afisa ameniandikia. Mimi! Kwa jina langu, herufi zote ziko. Nilisoma jina mara kadhaa kabla ya kuendelea, na bora ningeishia hapo.

Uhamiaji walipiga simu karakana kuhakikisha kwamba kweli mimi ni fundi na ninafanya kazi pale. Mama Kageha aliwaambia kwa furaha kwamba niko kwao tayari, akawashukuru kwa kunipokea vizuri. Na kwa kuwa yeye hapendi mambo nusu nusu, akawatumia picha.

Sasa Afisa anauliza niliingiaje nchini bila viza. Nieleze, nilete ushahidi, nimepewa wiki mbili. La sivyo faili linafungwa.

Nimekaa sakafuni kwa Tyson. Likifungwa, kazi niliyoahidiwa kule imeenda, na Adongo atakuwa amemngojea mtu wa bure. Naogopa. Nitawezaje kuthibitisha kwamba siko mahali ambapo sijawahi kufika? Tyson anasema nipige picha hapa Pioneer. Lakini Afisa ataiona ni ya zamani. Mimi mwenyewe ningeiona ni ya zamani. Anayeweza kunitoa kule ni aliyenipeleka, Mama Kageha. Itabidi nifufuke.

Jumapili, 24 Agosti

Nimefufuka.

Niliingia kanisani na koti, kwa sababu ya baridi ya asubuhi, nikakuta mchungaji amefumba macho anamwombea kijana wetu aliye mbali na nyumbani. Nilisimama mlangoni. Watu walianza kugeuka, mstari kwa mstari. Yeye akaendelea, akaomba nilindwe na theluji na marafiki wabaya, akasema amina, akafumbua macho, akaniona. Wangila kutoka kiti changu aliuliza kama ndege imerudia mafuta.

Nilisema yote hapo nje, chini ya ukuta wa kanisa. Mama Kageha alisema njia ya mwongo ni fupi. Nilitaka kumwambia yangu ilifika ng'ambo na kurudi, lakini nikampa leso. Alikuwa anajifuta macho. Aliniambia mimi ni mjinga wake na hawezi kuniacha, barua ataandika. Lakini je, ataaminiwa vipi, kama juzi alisema hivi na leo anasema vile?

Hapo Adongo akatoa simu. Akafungua picha yangu, akaikuza, akapita uso wangu, akapita manyoya ya koti, akafika nyuma ya bega la kushoto. Ng'ombe. Pembe moja imepinda kuelekea sikioni. Nyota, ng'ombe wa baba yake, ambaye Adongo humkamua kila asubuhi.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Tangu siku ile ya simu, na picha ikamthibitishia. Na kwa nini hakusema?

"Nilitaka nione utasafiri mpaka wapi na uko tu hapa Kiplombe."

Akasema pia kwamba alilia usiku ule nilipompigia, si kwa sababu nimeenda, kwa sababu alijua nimedanganya. Kwani ndege ya ng'ambo huita abiria wa Kitale? Mwanamke aliyebeba jambo zito hivyo wiki mbili na akaendelea kukamua! Nampenda na namwogopa. Nilimwomba msamaha na wala sikujaribu kuupamba.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumempigia Nyota picha, pale pale, mbele ya kibanda kile cha maziwa, nyasi zikiwa za kijani. Mimi kushoto, Mama Kageha kulia na barua yenye muhuri. Nyota alikataa kugeuza upande wa pembe iliyopinda. Tulimbembeleza kwa molasi, hakutaka. Mwishowe Wangila, aliyekuja kucheka, alishika kamba akamwimbia besi, na ng'ombe akageuka. Lazima niseme ukweli, ana besi nzuri.

Maelezo aliandika Adongo. Kwamba ilikuwa mvua ya mawe. Kwamba huyu ng'ombe wa picha ya kwanza ndiye huyu. Kwamba kijana alichoka kuulizwa. Nilitaka kuongeza kidogo kuhusu bidii yangu. Alikataa.

Jumanne, 2 Septemba

Afisa amejibu!

Maelezo yamepokelewa. Picha zimelinganishwa. Ombi limerudishwa kwenye foleni. Nimesoma nikiwa nimesimama. Fikiria: mtu mkubwa kule, ofisi ya vioo, ameacha kazi zake akaangalia pembe ya Nyota, akaangalia tena, akaridhika. Nilienda Kiplombe nikamshukuru Nyota uso kwa uso. Bila yeye ningekuwa kule mpaka leo, na nisingefika kamwe.

Nikafungua ukurasa. Ombi lako linashughulikiwa. Ni maneno mazuri jamani.

Nimeahidi mbele ya Adongo, mkono juu: hakuna picha tena, hakuna hadithi. Nafanya kazi yangu, nangojea. Nimerudi karakana. Muuza mahindi ameniuliza kama bado niko, nikamwambia niko.

Jumapili, 7 Septemba

Mawingu mazito yametoka upande wa Sugoi tangu saa sita. Nimekuwa nikifikiria.

Afisa sasa ananijua. Anajua mpaka ng'ombe wetu. Basi anachelewa kwa nini? Nimepata jibu: ana wasiwasi kama mtu wa Kenya ataweza baridi. Ni wasiwasi wa haki, hata mimi ningekuwa nao. Picha moja tu ingemtuliza. Mimi na koti langu, weupe kila upande, natabasamu, bila neno hata moja, kwa hivyo si uongo. Ahadi kwa Adongo ilihusu picha za kudanganya. Hii ni ya kusaidia.

Na mara ile kosa lilikuwa moja tu, la kutoangalia nyuma.

Mawe yameanza kugonga mabati ya kibanda kile cha maziwa, Kiplombe. Koti nimevaa. Tyson ameshika simu. Ng'ombe nimeshamhamisha.