Mgonjwa wa Mstari wa A68.1

Jumatatu, 8 Julai 2024. Koboko.
Kiti cha karani mkuu wa kumbukumbu kiko wazi! Miaka kumi na tisa naandika magonjwa ya watu katika kituo hiki. Kiti ni changu. Isipokuwa Zuhurah, karani mwenzangu. Wiki iliyopita alipata mgonjwa wa buba, akaipa namba yake ya orodha ya magonjwa, A66, na wakaguzi kutoka Arua wakamsifu utadhani buba kaizaa yeye. Mimi? Malaria, malaria, malaria.

Basi nimemzaa mgonjwa wangu, kwenye kompyuta tu. Lodu, miaka arobaini, mkulima wa Logiri. Mbali, nani ataenda kuuliza? Homa ya papasi, A68.1. Homa imeshuka, karuhusiwa. Kompyuta ikagoma: ndugu wa karibu? Nikaweka jina langu na simu yangu. Zubeiri, una akili, bwana!

Jumatano, 10 Julai.
Dokta Moris kausoma mstari wangu mbele ya wote. Zuhurah akauliza, kwa upole wa paka, mgonjwa alilala kitanda kipi. Nikasema cha tisa. Akanikumbusha vitanda ni vinane. Basi mkeka, nikasema, chini ya dirisha. Nimeuongeza mkeka kwenye faili.

Ijumaa, 12 Julai.
Nimerudi kutoka msikitini, nikakuta mtu amelala mkekani, chini ya dirisha. Kituo hakina mkeka! Anaitwa Lodu. Wa Logiri. Arobaini. Mlinzi wa lango hakumwona akiingia. Kasema ndiyo tabia ya homa ya papasi, huenda na kurudi, naye karudi nayo. Kisha akanishika mkono, wake wa baridi: "Wewe iko ndugu yangu, kaka. Faili inasema."

Yengi wa maabara kapima damu. Vijidudu vimejipinda kama springi, vinaogelea. Kasema hajawahi kuviona ila vitabuni. Zuhurah kaniomba radhi. Sikufurahi hata kidogo. (Kidogo.)

Jumamosi, 13 Julai.
Kituo hutoa dawa. Chakula hutoka kwa ndugu. Kaltumu, mke wangu, kapika mara tatu. Lodu anamaliza sufuria, na bado ni mwepesi: kumgeuza ni kama kugeuza karatasi. Kaltumu kauliza tangu lini nina ndugu Logiri. Kasema sufuria ya nne ikitoka, na yeye anatoka, kwa mama yake.

Jumatatu, 15 Julai.
Nimempa Lodu rufaa ya Arua. Kwenye kompyuta tu. Gari la wagonjwa halina tairi. Nilipogeuka, mkeka mtupu. Alhamdulillahi! Saa nane, simu kutoka wodi moja huko Arua. Mgonjwa wako kafika, ana njaa, ndugu yuko wapi? Kaltumu alikuwa kando yangu. Kaenda kufunga mizigo.

Jumanne, 16 Julai.
Rahisi! Anahitaji ndugu mwingine. Nimemwandika dada yake: Kiden, wa Aroi, jirani na Arua, hodari wa kupika. Kompyuta haipokei mtu mzima wa afya, nikampa homa ndogo tu. Ndugu wa karibu? Namba ninayoikumbuka kichwani ni moja, yangu. Uhusiano? Nikabonyeza neno la kwanza kwenye orodha: mume.

Sasa hivi Kaltumu kapiga simu. Hajaondoka bado. Kasema uani kuna mwanamke anatetemeka, kabeba sufuria, anamuulizia mumewe Zubeiri.

Si neno. Anahitaji mume mwingine tu. Hebu nifungue ukurasa mpya.