London kwa Njia ya Makambako

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kosa la wasafiri wengi ni hili: wanahangaikia viza ya nchi wanayokwenda, wanaisahau nchi watakayobadilishia ndege. Nimelieleza leo kwenye ibada ya jumuiya hapa Mjimwema, Njombe, baada ya sala ya kufunga. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Ndivyo elimu inavyoenezwa.

Sisi tuko salama. Viza za Ujerumani zimetoka! Yangu na ya mke wangu, Mama Jenifa! Jumapili ya tarehe 29 mjukuu wetu anabatizwa Frankfurt, na jina atakalopewa ni langu. Ebeneza! Binti yetu Jenifa amesema babu ndiye atakayembeba mtoto kwenda mbele ya mchungaji. Mama Jenifa amepiga pasi kitenge chake, akakikunja, kisha akakipiga pasi tena.

Tiketi nimekata mwenyewe mtandaoni. Moja inatufikisha London. Nyingine, ya shirika lingine, inatutoa London hadi Frankfurt. Mama Jenifa aliuliza kwa nini tuipite Ujerumani angani halafu turudi nyuma. Nilimweleza kwamba dunia ni duara.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Ni Mzee Hilari.

Jumanne, 10 Juni

Hilari ni jirani yangu, bwana shamba mstaafu. Alikwenda hija Roma na wenzake wa parokia, wakapitia Addis Ababa. Tangu hapo hatuna raha. Ukitaja chai, chai ya Addis. Ukitaja baridi, baridi ya Addis. Msiba wa juzi kijijini Yakobi, akawasimulia wafiwa kuhusu ngazi za Addis zinazotembea zenyewe.

Leo ameegemea ua wetu. Akanisalimia: kamwene, Mwalimu, eti mnapitia Addis? Nikajibu polepole ili neno lifike vizuri. London.

Akanyamaza! Hilari! Kimya!

Kisha akauliza kama nina viza ya London. Nikamwelewesha kwamba kupita si kutembelea. Mtu anayekatiza njia ya shambani kwako si mgeni wako, humpikii. Akasema shambani kwake anayekatiza hupiga hodi kwanza. Bwana shamba ni bwana shamba tu.

Tena nina mpango. Kati ya ndege na ndege kuna nafasi nzuri. Nitachungulia nje kidogo, nipigwe picha moja na basi jekundu nyuma yangu, nirudi. Picha hiyo itatundikwa sebuleni, mkabala na kiti anachopenda kukalia Hilari.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Jenifa anaogopa kupotea uwanjani. Lisiloeleweka kwa maneno hueleweka kwa vitendo. Nimeandaa zoezi! Jumamosi Njombe itakuwa Dar es Salaam, Makambako itakuwa London, na Mafinga itakuwa Frankfurt. Tutakwenda na begi lenyewe. Kanuni ni moja: tukifika London, hakuna kuvuka lango la stendi. Picha ya basi jekundu bado ni siri yangu.

Hilari amesikia, amejialika. Anasema atakuwa mkaguzi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku gani hii!

Tumetoka Njombe kwa Coaster, ukungu bado uko barabarani. Njiani nimeeleza mfumo mzima kwa sauti ya darasani, abiria wote wafaidike. Mmoja alisinzia. Ni kawaida ya wa nyuma.

Makambako. Tumeshuka. Konda akalitua begi letu chini, akapiga kelele: mwenye begi lake, tunageuza! Mama Jenifa akainama kuliokota. Nikamzuia. Nikawaeleza wote wawili kwamba hapo ndipo washamba hukosea. Katika safari za ndege begi hujiendea lenyewe. Sisi tukae, tunywe chai, tutalikuta Frankfurt, yaani Mafinga.

Coaster likageuza, likaenda zake. Gari la Mafinga likaanza kupakia. Begi likabaki vumbini, limekaa kama yatima.

Mama Jenifa akaniuliza taratibu nani analihamisha. Nikasema shirika. Akauliza lipi, Baba Jenifa? La Coaster limeshaondoka. La Mafinga halitujui, tiketi yake ni nyingine. Si ndivyo ulivyokata na hizo za London, mbilimbili?

Nikalifuata begi vumbini, nikalipangusa. 

Hilari hakuwa na haraka. Alitazama begi, akatazama lango, akasema: kumbe London begi unalifuata mwenyewe nje, Mwalimu. Na nje ni nchini mwa watu. Sasa hapo hodi unapigia wapi?

Mtoto wa dada yake, Kristina, ana ofisi ya tiketi karibu na stendi. Ilibidi nivuke lango. Kristina ni binti mwenye adabu, aliniamkia kabla ya kunivunja moyo. Alisema ni kweli: kwa tiketi mbili tofauti, begi huchukuliwa nje na kukabidhiwa upya, na huwezi kulifikia bila kupita uhamiaji. Tena London, kwa pasipoti yetu, hata anayekaa ndani bila kutoka hutakiwa viza ya kupitia. Huku Dar shirika lisipoiona hiyo viza, halikupandishi. Hutafika hata huko London ukakataliwe. Utakataliwa papa hapa nyumbani. Na kuiomba sasa, alisema, tusitegemee itawahi ubatizo.

Mama Jenifa hakulia. Aliuliza tu: kwa hiyo mtoto atabebwa na nani?

Swali hilo nimerudi nalo Njombe. Begi nimelipakata mwenyewe njia nzima.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia Kristina asubuhi, mchana na jioni. Nafasi zimejaa. Mama Jenifa amekifungua kitenge, amekirudisha kabatini.  Anapika vizuri tu, na hilo ndilo linalotisha.

Jioni simu ikaita. Nafasi mbili zimepatikana! Tiketi moja tangu Dar hadi Frankfurt, begi linapitilizwa hadi mwisho, na kituo cha njiani hakitudai viza maadamu hatutoki uwanjani. Nikaimba haleluya hadi mbwa wa jirani wakaitikia! Mama Jenifa akakimbilia kabatini!

Kisha nikauliza kituo chenyewe ni wapi.

Addis Ababa.

Hilari alikuja kabla sijakata simu. Alileta kiti chake mwenyewe. Amenieleza kuhusu chai.

Jumatatu, 23 Juni

Safari! Tumo ndani ya basi la Dar! Naandika kwa kutikisika.

Makambako basi lilisimama kidogo. Nikaona kijana mwenye sanduku akishangaa stendini. Nikashuka kumweleza kanuni kuu ya kupita nchi ya watu, yaani kutotoka eneo la kusubiria. Ili aone mfano, nikampeleka mpaka langoni. Tulipogeuka, basi halipo.

Mama Jenifa yumo. Pasipoti zimo, kazifunga kwenye kitenge. Nikapata bodaboda, nikamwambia akimbize! Tumelikuta basi kwenye foleni ya mizani, abiria wote wako madirishani. Mama mmoja akapaza sauti: Babu, London umeiona? Kumbe Mama Jenifa alikuwa amewahadithia yote. Amenipokea kwa neno moja tu: kaa. Kisha akanishika mkono, hajauachia hadi sasa.

Nimetafakari kwa kina, na nimeona chanzo cha tatizo. Ni begi! Wakati wa kurudi tutaliacha kwa Jenifa. Bila begi hakuna kufuata kitu nje, hivyo hakuna uhamiaji, hivyo hakuna viza. Tunaweza kurudi kupitia London! Nimemwandikia Kristina ujumbe ageuze tiketi ya kurudi. Amejibu kwa kirefu sana, jibu nitalisoma tukifika. Mama Jenifa bado hajui. Basi jekundu bado lipo!

Na yeyote atakayeusoma ukurasa huu, somo ni jepesi. Leo hii shika tiketi yako, uitaje kila nchi ambako ndege yako itatua, na upige simu kuulizia viza ya kila moja.