Njooni na Sanda: Malalamiko Kuhusu Kompyuta Isiyojua Kupokea Wageni

Kambi ya Barabara,
Kusini ya Maan, Jordan.
Jumatano, baada ya kazi.

Kwa Waheshimiwa Watunzaji wa Mfumo Huria wa Kompyuta, popote mlipo,

Asalaam aleikum. Mimi ni Khalaf Bikhit, mtu wa Suhaji huko Misri, mfunga nondo wa madaraja, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja ugenini. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea adabu za kuandika, laumuni darasa la saba. Ninawaandikia kwa sababu mmeniomba wenyewe. Chini ya maandishi mekundu mashine ilisema: "Ukiona hitilafu, tafadhali tuarifu." Nimeiona. Nawaarifu.

Haja yangu ni ndogo. Ijumaa hii baada ya Alasiri binti yangu Najati anaolewa, na mimi ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Msajili wa ndoa kijijini amekubali nimwozeshe kwa simu, ila kwa sharti auone uso wangu, maana anasema sauti huigwa. Nisipoonekana, kaka yangu Hammam atakaa kwenye kiti changu na kutamka maneno yangu. Hammam ndiye aliyemwozesha dada yetu mwaka ule niliolazwa hospitali, na tangu siku hiyo hatujala mlo pamoja bila yeye kunikumbusha.

Hapa kambini simu hushika mtandao juu ya kifusi cha kokoto tu, na hapo hupitisha salamu, si sura. Injinia wetu alitupitishia waya mmoja wa mtandao dirishani, akasema, "Waya mmoja, mashine moja, na msinisumbue." Mashine yenyewe ni laptopu kuukuu niliyopewa na Jadalla, mtoto wa dada yangu. Haina kamera, haina sauti, ila ina mfumo wenu. Jadalla akaniapia kwamba mfumo huo unaweza kuifanya laptopu iwe mnara mdogo, ichukue mtandao kwenye waya na kuurusha hewani kwa simu za chumba kizima. Nikawatangazia wenzangu kumi na wanne. Kwa furaha wakanipa kitanda cha karibu na hita. Sasa sikilizeni yaliyonipata.

1. Mfumo wenu ni wa bure. Nilimuuliza Jadalla, "Mwenyewe ni nani?" Akasema, "Ni wa watu wote, mjomba." Waheshimiwa, kwetu Suhaji shamba la watu wote ndilo watu wanalouana kwa ajili yake. Kitu cha kununuliwa kina mwenyewe. Ukikasirika unamkamata shati. Nyinyi nitawakamata wapi?

2. Nikipatia amri, mashine inanyamaza. Nikikosea, inasema mistari arobaini. Mama mkwe wangu yuko hivyo hivyo, lakini yeye angalau hunipa chai. Na msidhani nilifanya kazi ovyo. Lile faili la kuanzishia mnara nililijaza kwa uaminifu, mstari baada ya mstari, kama fomu ya serikali: jina la mtandao, neno la siri, nchi, chaneli. Mtandao nimeuita Najati.

3. Ilipokataa mara ya kwanza, nilimwita jirani yangu wa kitanda, Shazli, mtu wa Kena huko huko Misri, mwenye diploma ya biashara, ambayo ndiyo iliyomfikisha kwenye kubeba mchanga. Akasoma, akacheka. "Baba Najati, hii kadi ya mtandao iliyo ndani ya laptopu inajua kualikwa tu. Kualika haijui." Mbona sikuambiwa mapema? Nikabadilishana na Mnepali mmoja: yeye akanipa kadi ya kuchomeka ubavuni, mimi nikampa blanketi langu zito. Maan mnaijua baridi yake? Basi.

4. Kadi mpya ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Shazli akagundua kwamba ndani ya mfumo kuna programu mbili, na kila moja inadai kuwa msimamizi wa kadi hiyo hiyo. Moja inasema rusha, nyingine inasema pokea. Haya mimi nayafahamu kuliko Shazli. Nimewahi kufanya kazi chini ya wasimamizi wawili. Mmoja alisema inua nondo, mwingine akasema shusha, na mgongo wangu ndio uliolipa. Lakini wale walikuwa binadamu na walichukiana kwa sababu ya maana. Programu zenu zinachukiana kwa sababu gani? Ilibidi tuifukuze moja.

5. Hapa ndipo mliponivunjia heshima hasa. Jumatatu jina "Najati" likaonekana kwenye simu zote. Wenzangu wakashangilia, wakaandika neno la siri, wakapokelewa. Halafu wakabaki pale pale. Simu kumi na tano zinaandika, "Inatafuta anwani," na anwani haiji, kwa sababu kugawa anwani ni kazi ya programu nyingine, ambayo hamkuiweka. Kwetu mgeni akivuka kizingiti hupewa mkeka kabla hajataja jina lake. Nyinyi mmemfungulia mlango, mkamwambia karibu, mkamwacha amesimama sebuleni. Wenzangu hawakunihurumia. "Mwenyeji gani huyu! Baba Najati, hata maji hatupati?" "Mwacheni, harusi ni ya kusimama!" Nimetukanwa kwa ajili yenu.

6. Tukaiweka programu ya kugawa anwani. Anwani zikagawanywa, na bado hakuna aliyefika popote, kwa kuwa mahali fulani ndani ya tumbo la mashine paliandikwa sifuri panapotakiwa moja, yaani mlango wa mbele uko wazi na wa nyuma umefungwa. Sifuri! Siku nzima.

7. Jana tukamjaribu msajili. Akaniona, lakini vipande vipande, maana chaneli yetu ndiyo hiyo hiyo anayotumia injinia na majirani zake wote. Msajili akasema, "Naona mraba mweusi wenye sharubu. Mimi siozeshi kwa sharubu." Nyuma yake nilimsikia Hammam akikohoa kile kikohozi chake cha furaha. Jadalla akashauri tuhamie chaneli za juu, ambako hakuna mtu. Nikaandika. Na mashine yenu, waheshimiwa, ikanijibu kwamba chaneli hiyo hairuhusiwi katika nchi niliyopo.

Nani amewaambia? Mimi nina kibali cha kazi. Nina muhuri. Polisi wa Maan wamenisimamisha barabarani mara tatu, wamesoma karatasi zangu, wakaniambia, "Pita, hajj." Serikali nzima ya nchi hii inaniruhusu, isipokuwa mashine niliyoipa blanketi langu.

Kwa hiyo ninaomba haki yangu kwa desturi yetu. Kwetu mtu akiukosea ukoo mwingine kosa kubwa, hatumi maneno. Huja kwa miguu, amebeba sanda yake mikononi, akaiweka mbele ya aliowakosea: mnizike au mnisamehe. Nao humsamehe, kondoo huchinjwa, na ugomvi huisha. Naomba mmoja wenu aje Maan kabla ya Ijumaa na sanda yake. Awe mtu mzima mwenye mvi, si kijana wa kuniambia nizime niwashe. Nitamsamehe, naahidi mbele ya Shazli, lakini kwanza aiwashe. Akishindwa kuja, basi nitaridhika iwapo mmoja wenu atakwenda Suhaji na kula na Hammam kila Idi badala yangu, mpaka mmoja wao afe.

Nisalimieni wake zenu na watoto, na anayewapikia chai, kama yupo. Nisalimieni hasa yule aliyeandika "tafadhali tuarifu", huyo amelelewa. Aliyeandika sifuri msimsalimie.

Ni mimi niliyevumilia kadiri ya darasa la sita,
Khalaf Bikhit, Baba Najati.

Baada ya kutia sahihi: Leo ni Ijumaa, jua linazama. Barua hii haikuondoka Jumatano kwa sababu mnayoifahamu: nimeiandika kwenye simu, na mnara wenu ulikuwa umegoma.

Jana Shazli alilifungua lile faili, akalisoma mstari kwa mstari, akaniangalia. "Baba Najati, nani kaandika hapa kwamba tuko Misri?"

Nikamwambia, mimi. Mashine iliuliza nchi, nikaijibu.

"Iliuliza uko wapi, mzee! Haikuuliza mama yako kakuzaa wapi!"

Waheshimiwa, kwa miaka kumi na moja nimejaza fomu za nchi hii, na kila palipoandikwa "nchi" nimeandika Misri, na kila karani amegonga muhuri. Mkono ulikwenda wenyewe. Kumbe mashine iliniamini kuliko karani yeyote; ilinitafutia sheria za nyumbani nikiwa huku. Tukabadilisha herufi mbili, tukafuta za Misri na kuweka za Jordan. Mashine ikanyamaza, na sasa ninajua maana ya kunyamaza kwake.

Leo msajili ameniona uso mzima. Akashika kalamu, akauliza ili aandike kitabuni, "Walii yuko wapi?" Shazli akanikanyaga mguu.

Nikasema, "Jordan."

Nikamwozesha binti yangu kwa maneno yangu. Kwetu walii na bwana harusi hushikana mikono chini ya leso; Hammam alitoa mkono kwa niaba yangu, na hakuruhusiwa kutoa kingine.

Basi asije mtu. Sanda naituma mimi. Ni shuka la kambi, lina namba ya kitanda changu pembeni. Mkishanisamehe lirudisheni upesi, maana msimamizi huyahesabu, na blanketi mnajua liliko.